Mlango Usio na Alama

Siku hizo mlango wa kila mwanamume aliyetumia dawa za tezi dume ulibandikwa alama ya kijani, kwa kuwa vidonge hivyo vikimezwa mapema vilizuia homa ya mapafu isimzidie mgonjwa. Jirani aliyeuguliwa alikuwa na haki ya kubisha hodi na kupewa vya siku tatu.

Mwalimu Ndelilio, mstaafu wa Machame, aliibandua alama yake siku ileile ilipobandikwa. Hakutaka watu aliowafundisha wajue kwamba mkojo unamsumbua.

"Utakuja kujuta, baba Aika," mkewe alimwambia.

"Nijute nini? Milango ya kijani iko mingi."

Mwezi wa saba, baridi ilipokaza, jirani yao Eliamani alianza kuhema kwa shida. Mwalimu alimwona dirishani Ndeshi, mke wa Eliamani, akipita mbio kuteremka barabarani kutafuta mlango wenye alama. Mwalimu alichukua kopo lake la vidonge, akasita, akitafuta maneno ya kujieleza. Mwishowe akajiambia kwamba Ndeshi atakuwa ameshapata.

Ndeshi alipata jioni, huko bondeni. Eliamani alifariki kesho yake.

Msibani, Ndeshi alimshika mwalimu mikono. "Laiti kungekuwa na mlango mmoja tu huku kwetu juu, mwalimu."

Mwalimu alifungua kinywa. Mkewe alimtazama, akingoja.

"Pole sana, mama," akasema.

Walirudi nyumbani mkewe akiwa mbele, na hakugeuka hata mara moja kumsubiri.