Ukuta wa Bi Siwema

Enzi hizo mtu akiguna ndani ya jengo, ukuta ulilazimika kumtajia aliyelichora. Sheria ndiyo hiyo, na kuta hazina haya.

Bi Siwema Kombo, ambaye kampuni yake ya usanifu ilikuwa imechora majengo kumi na moja ya maduka, alikuwa kwenye foleni ya choo cha wanawake katika lile la kwanza kabisa, amemshika mama yake mkono. Mbele yao walikuwa wanawake ishirini. Milango ilikuwa miwili.

"Aliyechora hapa ni mwanamume tu," aliguna mama mmoja mnene. "Hajui kubanwa."

Ukuta ukajibu kwa upole, "Nilichorwa na Bi Siwema Kombo. Vyoo vya wanawake vilikuwa sita. Alifuta vinne, lipatikane duka la viatu."

"Kumbe mwenzetu," alisema yule mnene. "Basi naye Mungu ambane."

Foleni nzima ikaitikia amina. Siwema naye akaitikia, kwa kuona aibu kunyamaza peke yake.

Mama yake aliinamia viatu vipya alivyonunuliwa asubuhi ile katika duka lilelile. Vilikuwa vimeshalowa.

"Lakini viatu ni vizuri, mwanangu," alinong'ona.

Wakarudi kwenye nyumba ya ghorofa ambayo Siwema alimchorea mama yake iwe zawadi. Bibi wa watu akapanda ngazi tatu, akasimama, akashika goti. Hakuguna; alimeza mguno wake kwa ajili ya mwanawe.

Siwema alibaki chini akimtazama, akausikia ukuta, uliosikia hata mguno uliomezwa, ukisafisha koo.