Maksi za Uchungu

Siku hizo mtihani wa fasihi haukuwa na karatasi. Mwanafunzi alivishwa kipimo kifuani, akasomewa tanzia ya mfalme aliyemfukuza bintiye, kisha akapewa maksi kwa kadiri moyo wake ulivyoumia. Tumpe aliijua tamthilia nzima kwa ghibu, lakini kila alipojaribiwa alifeli. Mama yake alifariki akimzaa, na baba yake, Anyitike, alimlea kwa mapenzi mpaka uchungu akawa hajui ulivyo.

Asubuhi ya mtihani Anyitike alimsindikiza hadi getini, akamwambia, "Bora ungekufa wewe siku ile, mama yako akabaki."

Mchana matokeo yakatoka. Tumpe aliongoza wilaya nzima.

Jioni baba alimchinjia kuku. "Nisamehe, mwanangu. Nilitaka ufaulu tu. Yale hayakutoka moyoni."

"Najua, baba," Tumpe alisema, akimnawisha mikono kama kawaida. "Ila niambie, uliyawaza lini?"

Anyitike alizidi kusugua viganja vilivyokwisha kutakata. Binti yake alisubiri kwa adabu, akiendelea kummiminia maji mpaka birika likawa tupu.