Ndevu za Mfalme

Tangu macho yake yazime, Bi Mwanasha aliijua sarafu ya marehemu mumewe kwa kidole gumba. Kila asubuhi aliipapasa: huku ndevu za mfalme, huku simba.

Siku hiyo mwanawe Harith alirudi nayo kutoka kwa mpimaji wa sarafu, akamwekea kiganjani kikasha cha plastiki.

“Imo humu, mama. Wameipa daraja la kati. Mpimaji kasema ingepata la juu kabisa, ila ndevu za mfalme zimelika.”

“Nimezila mimi,” alisema Bi Mwanasha.

“Ndiyo maana wameifunga, isilike zaidi.”

Alipitisha kidole juu ya kikasha. Kilikuwa laini na baridi, pande zote sawasawa. Akatafuta mfuniko kwa ukucha, asiupate.

“Nifungulie, mwanangu. Kidogo tu.”

“Wamekigandisha. Kikivunjwa, daraja limefutika, na mnunuzi hataitaka.”

“Mnunuzi gani?”

Harith alikohoa, ingawa hakuwa na kikohozi. “Tumekubaliana na ndugu zangu. Urithi wa baba ni wetu sote, mama. Anakuja sasa hivi.”

Sheria ilikuwa yao, na macho yalikuwa yao.

Mlangoni mtu alipiga hodi. Harith hakuitikia. Mama yake alikuwa amekiinua kikasha hadi sikioni, anakitikisa polepole, kama mtu atikisaye nazi asikie kama ina maji.