Mfuate Wesley

Damu ilikuwa imeshafika kizingitini Mbithi alipoingia. Ngina, dada yake wa pekee, alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya jikoni, bega limepasuliwa hadi mfupa ukaonekana mweupe. Wayua, jirani aliyepiga mayowe, alikuwa amepiga magoti akilikandamiza jeraha kwa leso.

"Nani amefanya hii?" Mbithi aliuliza. Mkononi bado alikuwa na mpini wa jembe aliokuwa akiuchonga mayowe yalipomfikia.

"Asi! Mimi nimemkuta tu hivi," Wayua alisema. "Lakini Wesley nimemuona akitoka mbio, shati imejaa damu. Amepanda na hiyo njia ya msitu."

Ngina alifumbua macho. Midomo ilitetemeka kitambo kabla ya sauti kutoka.

"Mfuate Wesley," alisema. "Usimwache..."

Macho yakafumba tena.

Mbithi hakungoja neno la pili. Wesley alikuwa mumewe Ngina, fundi wa mitambo katika kiwanda cha simiti kule Athi River, mtu wa kuja nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili. Pasaka iliyopita alimzaba mkewe kofi mbele ya wageni. Mbithi alimkaba ukosi, akamwambia, "Ukimgusa tena, shemeji, huo mkono hautarudi Athi River." Wesley aliomba msamaha huku akilia. Wazee wakasema yamekwisha. Mbithi hakumpa mkono.

Njia ilianzia nyuma ya shamba la mikahawa, ikaingia msitu wa Iveti na kupanda kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Mvua za El Nino zilikuwa zimeila vibaya. Mizizi ilining'inia nje, na palipokuwa na udongo sasa palikuwa na makorongo. Hata wanawake wa kuni, waliozoea, waliipanda wakipumzika kila kona. Mbithi aliipanda mbio.

Alimwona Wesley mikahawa ilipoishia. Shati jeupe, mkono mmoja umelowa damu hadi kiwikoni. Mikono mitupu. Panga ameshalitupa, Mbithi aliwaza, na hasira ikampa miguu mingine.

"Simama!" alipaza sauti.

"Simama!" jabali lilimrudishia kutoka juu.

Wesley hakusimama wala hakugeuka. Alipiga kona, akazama kwenye misonobari. Mbithi alimfuata, miiba ikimchana mashavu, majani makavu yakimtelezesha. Alianguka kifudifudi, akang'oka ukucha wa kidole gumba, akainuka. Kinywa kilijaa ladha ya chuma. Kila alipotaka kupunguza mwendo, aliuona ule mfupa mweupe begani kwa dada yake.

Kilichomshangaza ni mbio za Wesley. Mtu aliyemeza vumbi la simiti miaka yote hiyo, anayekohoa akipanda tu kutoka barabarani, leo alikuwa akipanda Iveti kama mbuzi. Alikohoa, ndiyo, kikohozi kile kikavu kilisikika mti kwa mti, lakini hakupunguza. Alianguka, akatambaa kwa mikono na magoti, akaendelea. Wakati mmoja aliokota jiwe. Mbithi alijibanza nyuma ya mti, akikikinga kichwa kwa mpini, akalisubiri. Jiwe liliangukia mbali, juu kabisa, likabingirika kati ya miti. Amechanganyikiwa, Mbithi aliwaza. Damu ya mtu humtia mtu wazimu.

Ukungu ulianza kushuka. Njia ikabana kati ya mawe mawili makubwa, na hapo mbele kidogo palikuwa na korongo. Wesley aliruka. Mbithi alisikia mguu ukivunjika, sauti kavu kama ya kuni, kisha ukelele.

Alimkuta amekaa chini ng'ambo ya korongo, mguu umepinda kusikopinda mguu wa mtu, akijikokota kwa viwiko. Bado alikuwa anajikokota kuelekea juu. Aliposikia hatua nyuma yake, ndipo alipogeuka kwa mara ya kwanza.

Akatabasamu.

"Shemeji," alisema, akihema kama mvukuto. "Afadhali umekuja."

 Wesley angeomba msamaha, pengine Mbithi angemsikia. Angelia kama siku ile ya Pasaka, pengine mkono ungemlegea. Lakini kumchekea, na damu ya Ngina haijamkauka kwenye mkono!

"Shemeji, usisimame hapa. Enda..." Wesley aliinua kile kiganja chenye damu, akanyoosha kidole kileleni. "Enda, mimi niache..."

"Nikuache?"

Mpini ulimpata juu ya sikio. Wesley hakupiga kelele. Alimtazama Mbithi kwa macho ya mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua, na akanyanyua mikono kuukinga uso. Mbithi aliipiga mikono. Aliipiga mpaka ikaanguka, kisha akapiga palipobaki wazi. Alikuwa akilia na kulitaja jina la dada yake kwa kila pigo, na hakuacha mpaka mpini ulipokatika.

Kukawa kimya. Ukungu ulipita kati yao, ukajitenga.

Kule juu, misonobari ilipoishia, tawi lilivunjika. Mtu ambaye Mbithi hakuwahi kumwona maishani mwake alitokeza ukingoni, anahema, panga lenye damu mkononi. Aliwatazama wote wawili, aliyesimama na aliyelala, kisha akageuka na kuanza kuteremka upande wa pili, akitembea.