Rupia za Marehemu

Masele, mdogo wa marehemu mume wangu, alikaa barazani kwangu akisugua kwa limau rupia za Mjerumani alizoninyang'anya tulipoanua matanga. Mnunuzi alikuwa njiani kutoka Buzuruga.

Mnunuzi huyohuyo alishamwonya mume wangu nikisikia: rupia ya kale ikisuguliwa, haina mteja.

Nilifungua mdomo nimwambie. Hata hivyo, Masele ni damu ya marehemu.

"Kaka alikuwa mchafu mpaka hela zake," akacheka, weusi wa miaka ukimchuruzika vidoleni. "Nikiuza hizi, shemeji, ubebe virago urudi kwenu."

Nikamwomba Bwana Mungu ageuze uso kidogo, kisha nikamletea kopo la mchanga wa ziwani ninaosugulia masufuria.

"Limau peke yake halitoshi, shemeji. Kandamiza."