Meno Yanayotazama Nyuma

"Hivi viatu vya marehemu, unamuchungia nani?" jirani alimuuliza Mama Émérence siku ya kumaliza kilio cha mumewe, nguo zilipokwisha kugawiwa ndugu. Yeye akavisukuma chini ya kitanda.

Asubuhi hii jibu lilisimama mlangoni: binti wa jirani huyohuyo, aliyemchotea maji ziwani kipindi chote cha kilio.

"Mama, kila nikisukuma chini nikimbie, muguu unateleza nyuma. Na leo njo siku wanachagua wa kwenda kushindana mbio Lubumbashi."

Mama Émérence alivitoa viatu chini ya kitanda. Marehemu alisukuma mabehewa bandarini, na soli za mpira wa gari alizichonga mwenyewe: nene mbele, zenye meno yanayotazama nyuma ili ziume matope anapojikaza. Ndani, mahali pa kidole gumba, uzito wake ulikuwa umechimba kishimo laini.

Akakigusa kile kishimo. Akafanya ishara ya msalaba, akachukua kisu.

"Mama, usikate! Ni vya Papa!"

"Nyamaza. Yale maji ya kilio, nani alikutuma kuchota?"

Akakata sehemu za mbele za soli, akazishona chini ya raba za binti kwa uzi wa wavu.

"Sukuma sasa."

Binti akasukuma. Akarushwa hadi mezani, sufuria ikaanguka, wote wawili wakacheka.

"Asante Mungu," alisema Mama Émérence, akifuta macho. "Bado anasukuma."

Binti akapiga goti, akavipanga vile viatu vilivyokatwa ukutani, kimoja kando ya kingine. Kisha akatoka mbio.