Mvushaji Hafi

Dadu ya pande ishirini ilionyesha moja. Barnaba aliiona peke yake, nyuma ya daftari alilolisimamisha mezani, akaigeuza kwa kidole.

"Kumi na nane," akatangaza. "Mamba amemkosa Mvushaji. Yuko ng'ambo, mzima."

Faidha, muuguzi aliyehamia Chilangala mwaka huu, akasonya. Ashraf wa Masasi, aliyekuja msimu huu kuuza salfa ya kupulizia mikorosho, akacheka kwa uchungu. Mtu wake yeye mchezoni aliliwa na mamba huyohuyo wiki mbili nyuma.

Mchezo wenyewe ni wa maneno na dadu. Kila mchezaji anajitungia mtu na kuandika sifa zake kwenye karatasi. Msimulizi anawaletea mito, vita na njaa, na dadu inaamua nani apone. Chini ya tano ni kifo. Walicheza kila Jumamosi mchana barazani kwa Barnaba, mwalimu mstaafu, na sharti lilikuwa moja: mezani hakuna shikamoo, hakuna mkubwa wala mdogo. Yeye mwenyewe aliitwa Msimulizi, basi. Bila sharti hilo nani angethubutu kumbishia mzee wa kanisa?

"Msimulizi," Faidha alisema, "wetu wakiteleza wanakufa. Mvushaji wa Anastasia hapa kashikwa na homa, kachomwa mkuki, kazama mara mbili. Hafi! Sisi tunacheza au tunasindikiza? Akipona tena leo, mimi Jumamosi ijayo msinitafute."

Barnaba aliona aibu, lakini hakujuta. Siku Anastasia alipomkabidhi karatasi ya Mvushaji, aliisoma mara moja tu: mrefu, anatumia mkono wa kushoto, anapenda mizizi ya ming'oko ya kuchemsha, huimba akishikwa na hofu. Aliikunja, akaitia mfukoni, na tangu hapo akaapa kwamba mtu huyo hataguswa. Aliamini hicho ndicho Anastasia alichokuwa akimwomba. Jumamosi hizo ndizo zilizokuwa zikimpa usingizi, na aliogopa mno kuzipoteza.

Ila Anastasia hakuwahi kushukuru. Kila Mvushaji alipopona, aliinamisha kichwa. Wenzake wakishaondoka, alibaki akikusanya vikombe, anaonekana kabisa ana neno, kisha akaviosha bila kulisema.

"Zamu yangu," alisema sasa. "Mvushaji anarudi mtoni."

"Si ametoka huko sasa hivi?" Ashraf alishangaa.

"Anarudi."

"Kuna daraja," Barnaba alisema haraka haraka. "Kuna kijiji pale juu. Watu wanampokea, wanampikia, anakaa..."

"Hataki daraja. Msimulizi, kila wiki mimi namtia mtoni, kila wiki wewe unamtoa. Huoni kwamba amechoka?"

Barnaba hakumwelewa. Alichukua dadu, akaitikisa kiganjani kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kabla hajaitupa, Anastasia alinyoosha mkono, akalilaza daftari. Dadu ikabiringika mbele ya macho yao wote wanne, ikatulia.

Tatu.

"Imegonga kikombe," Barnaba alisema. "Tunarudia."

"Haijagonga kitu," Faidha alisema, safari hii kwa upole.

"Nimesema tunarudia!"

Anastasia alisimama. Alizunguka meza polepole, akapiga magoti mbele ya kiti cha Barnaba, akalivunja sharti.

"Shikamoo, Baba," alisema. "Mwanao alizama Ruvuma, mwaka wa nne huu. Kanisani wanasubiri neno lako tu wamsomee ibada ya mazishi, hata bila mwili. Niruhusu nimlilie mume wangu."